Mama Mzee Anakula Nusu ya Sahani

Mama mzee ametoka hospitali. Alipatwa na kiharusi, mkono wa kushoto umelegea, lakini anazungumza vizuri, anawatambua wajukuu wote, tena anauliza bei ya unga. Unamwekea bugali na sombe. Anamaliza bugali iliyo upande wa kuume, sombe ya upande wa kushoto haigusi, kisha analalamika kwamba amenyimwa mboga. Nyumbani wanaanza kunong'ona: amekuwa mkaidi, au kuna mkono wa mtu.

Sivyo. Shida iko katika ubongo.

Ubongo una nusu mbili, na kila nusu inaongoza upande wa pili wa mwili. Ukipapasa ufunguo kwa mkono wa kushoto bila kuutazama, habari zake zinafika katika nusu ya kuume. Kwa watu wengi nusu ya kushoto ndiyo yenye kazi kubwa ya maneno. Ile ya kuume inaizidi katika kujua vitu viko wapi na vimepangwaje. Roger Sperry wa Marekani, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1981, aliliona hilo kwa wagonjwa wa kifafa ambao madaktari walikuwa wamewakata daraja linalounganisha nusu hizo. Walipopewa vipande vya kupanga kwa kufuata picha, mkono wa kushoto ulifanya vizuri kuliko wa kuume, ule wanaoandikia!

Ndiyo maana kiharusi cha nusu ya kuume kinatudanganya. Maneno yamebaki, basi tunadhani yote yamebaki. Macho yanaweza kuwa mazima, lakini kwake upande wa kushoto ni kama haupo. Akiwa amefumba macho, mguse mikono yote miwili mara moja: anaweza kusema umegusa wa kuume tu. Mara nyingi yeye mwenyewe hajui kuna kitu anachokosa, kwa hiyo kumgombeza ni bure.

Geuza sahani. Weka kitambaa chekundu kwenye ukingo wa kushoto wa meza, umzoeze kukitafuta kwa macho kabla ya kula. Mbabula isikae kushoto kwake, maana mkono ule unaweza kuungua asisikie. Barabarani, tembea wewe upande huo. Na daktari mweleze habari ya sahani, kwa sababu akiongea na mama dakika tano tu anaweza asione kitu.

Wengi hupata nafuu katika miezi ya kwanza.