Je, Mradi Wenu wa Maji Unafanya Kazi? Mtajuaje?



Katika semina huwa nauliza swali moja: "Mradi wenu wa maji unaendeleaje?" Jibu ni lile lile kila mahali. "Vizuri, twashukuru." Nikiuliza mnajuaje kwamba ni vizuri, ukumbi unanyamaza, halafu mwenyekiti anafungua faili na kunionyesha risiti za saruji. Siwacheki. Mimi mwenyewe niliwahi kujibu hivyo hivyo, tena kwa maandishi, miezi minane mfululizo, na nilikuwa nimekosea. Wacha niwaeleze.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kuandika ripoti za mradi mmoja wa visima hapa Mji wa Kale, Mombasa. Mradi ulifunika visima vya uani, ukagawa chupa za dawa ya kutibu maji, yaani klorini, na ukafundisha kina mama mambo ya usafi. Fomu ilitoka kwa wafadhili ikiwa na maswali matatu: visima vingapi vimefunikwa, chupa ngapi zimetolewa, watu wangapi wamehudhuria mafunzo. Kila mwezi nilijaza, kila mwezi nambari zikapanda, na ofisi ikafurahi. Kisha ikaja mvua kubwa ya mwezi wa Mei, na watoto wa mitaa ile ile wakaanza kuharisha. Nikaenda nyumba kwa nyumba, safari hii bila fomu. Bibi mmoja wa Kibokoni akanikaribisha, akaniletea kahawa, akafungua kabati. Chupa nne zimepangwa, hata vifuniko havijafunguliwa.

"Mwanangu," akaniambia, "karatasi yako yauliza kama nimepewa. Haijauliza kama natia. Dawa yanuka hii, wajukuu hawataki kunywa."

Nyumba ya pili hivyo hivyo. Ya tatu walikuwa wametumia dawa, lakini kwa kufulia kanzu. Ripoti zangu zote hazikuwa na uongo hata mmoja. Chupa zilitolewa kweli. Lakini hakuna aliyekuwa akijua kama maji ndani ya mtungi ni salama, na tulipojua, watoto walikuwa tayari wamelazwa.

Kisiwa kisicho na mto

Ili mfahamu kwa nini kosa lile lilikuwa kubwa hapa, lazima mjue maji ya Mombasa yanatoka wapi. Kisiwa hakina mto. Kwa karne nyingi watu waliishi kwa visima vilivyochimbwa katika mwamba wa matumbawe. Msikiti wa Mandhry, wa mwaka 1570 hivi, una kisima chake ng'ambo ya njia hadi leo. Maji ya mfereji yote yanatoka bara: chemchemi za Marere kule Shimba Hills, chemchemi za Mzima kule Tsavo kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 tangu miaka ya 1950, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, na visima vya Tiwi. Bomba likipasuka huko mbali, mfereji wa Ndia Kuu unakauka. Hapo watu hurudi kwenye vitu viwili: mkokoteni wa kuuza maji kwa mitungi, na kisima cha uani.

Na kisima cha uani kina shida yake. Mwamba wa matumbawe umejaa matundu na nyufa. Nyumba zimebanana, na nyingi zina shimo la choo hatua chache tu kutoka kisimani. Kwenye udongo wa kawaida, uchafu huchujwa kidogo kidogo ukipita chini. Kwenye matumbawe hupita mbio kama maji kwenye kikapu, hasa mvua ikinyesha. Kwa hiyo mfuniko wa saruji tuliojivunia ulizuia vumbi na paka. Uchafu ulikuwa ukiingia kwa chini.

Ngazi ya mradi

Mradi wa maji una ngazi. Kwanza kuna pesa na vifaa. Kisha kazi iliyofanywa: kisima, mfereji, choo. Kisha huduma: je, maji yanatoka leo? Kisha matumizi: je, watu wanayachota, wanayatibu, wananawa? Juu kabisa ni afya. Fomu yangu ilisimama kwenye ngazi ya pili ikadhani imefika darini.

Lakini sikuwa peke yangu. Hata dunia nzima ilihesabu hivyo. Shirika la Afya Duniani na UNICEF yamekuwa yakifuatilia maji na vyoo pamoja tangu 1990, na hadi 2015 swali kubwa lilikuwa aina ya chanzo: bomba, kisima kilichofunikwa au mto? Ukiwa na bomba ulihesabiwa umepata, hata kama limekauka. Malengo ya 2015 yalipokuja, swali likageuzwa: je, maji yako nyumbani, yanapatikana yanapohitajika, na hayana vijidudu? Wakubwa nao walijifunza kwa bibi fulani mahali fulani, nadhani.

Sasa kuhusu ngazi ya juu, tahadhari. Vikundi vingi hupenda kuandika "kuhara kutapungua kwa nusu". Msiandike. Katika kijiji cha nyumba 80, watoto wanaoharisha huongezeka na kupungua kwa sababu nyingi, na hamtaweza kujua ni mradi au ni majira. Kazi ya kuhesabu magonjwa mwachieni bwana afya na zahanati. Ninyi hesabuni matumizi. Isipokuwa jambo moja: mtu akiharisha maji maji kama ya mchele, msingoje mkutano wa mwezi, pelekeni habari siku hiyo hiyo, na mgonjwa aende hospitali. Kipindupindu hakingoji katibu.

Vipimo ambavyo kikundi kinaweza

Kipimo cha kwanza ni mtungi wa lita 20. Kila nyumba inao. Ulizeni mitungi mingapi iliingia jana (jana, si "kwa kawaida", maana kwa kawaida kila mtu ni tajiri), zidisheni kwa 20, gawanyeni kwa watu wa nyumba. Nyumba ya watu 7 iliyopata mitungi 4 ina lita 80, yaani lita 11 na kidogo kwa kila mtu. Je, zinatosha? Mashirika ya misaada yalianza mwaka 1997 kuandika vipimo vya pamoja, vinaitwa Sphere, kwa ajili ya watu waliokumbwa na maafa. Humo kiasi cha chini ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Mfereji mmoja usitumiwe na zaidi ya watu 250, pampu ya mkono watu 500, kisima cha kuteka kwa ndoo watu 400. Foleni isipite nusu saa. Choo kimoja kwa watu 20. Kumbukeni hivyo ni vipimo vya kambi ya dharura. Nikikuta mtaa wa Mombasa uko chini yake, sijui niseme nini.

Kipimo cha pili ni ukaguzi wa chanzo. Shirika la Afya Duniani limetengeneza orodha ya maswali ya ndiyo au hapana: kuna choo karibu? kuna choo upande wa juu wa mteremko? saruji imepasuka? maji yaliyomwagika yanasimama pale pale? kamba na ndoo zinalala chini? Kila "ndiyo" ni alama moja ya hatari, na mtu aliyesoma hadi darasa la saba anaweza kuifanya. Lakini kwa sisi wa matumbawe, alama chache hazitoshi kukupa usingizi. Lazima kupima maji yenyewe.

Kupima si uchawi. Klorini inapimwa kwa kidonge kinachobadilisha rangi ya maji, unalinganisha na kadi. Inayofaa kubaki ni miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Vijidudu vya kinyesi vinapimwa maabara, na jibu linalotakiwa ni sufuri katika mililita 100 za maji. Ombeni ofisi ya afya ya umma iwasaidie, angalau kabla ya mvua na baada ya mvua. Na tafadhali, msipime kisimani tu. Pimeni kwenye mtungi ndani ya nyumba, kwa maana maji yaweza kutoka safi mferejini yakachafuliwa na kata ile ile ambayo mtoto ameitia mkono.

Usafi ndio mgumu zaidi. Ukimwuliza mtu "unanawa mikono ukitoka choo?" atasema ndiyo, na nani atasema la mbele ya mgeni? Kwa hiyo usiulize, tazama. Je, kuna maji na sabuni karibu na choo? Sabuni imelowa au imekauka ikapasuka? Kule shambani nilizoea kuangalia njia ya chooni: ikiwa imeota nyasi, choo hicho ni cha wageni wa mradi. Mjini hakuna nyasi, lakini nimeshakuta choo kipya kimejaa magunia ya mkaa.

Nani apite, na lini

Hapa Mji wa Kale nilijifunza adabu upya. Mwanamume hawezi kubisha hodi na kuingia hadi jikoni kuangalia mtungi. Tukachagua kina mama wanne wa mtaa wenyewe, wakapitia kwa mzee wa mtaa kwanza, wala hawakupita Ijumaa adhuhuri au alasiri ya Ramadhani wakati wapishi wana haraka. Walipata majibu ambayo mimi nisingepata mwaka mzima. Kwenu vijijini mambo yaweza kuwa mengine, ninyi mnajua nani anafunguliwa mlango.

Msiingie nyumba zote, mtachoka mwezi wa pili. Chagueni kila mlango wa kumi, muhesabu kutoka mwanzo wa mtaa, na msiruke nyumba kwa sababu mama mwenyewe ni mkali au njia ina matope. Nyumba za barabarani ndizo ambazo kila mradi huzifikia. Na pimeni kabla ya mradi kuanza. Hili tulilisahau kabisa, ndiyo maana hata leo siwezi kuwaambia kama mafunzo yetu yalisaidia kitu. Sikujua hali ya mwanzo.

Siku za pampu kulala

Jirani zetu wa Kwale wana somo zuri kuliko letu. Katika miaka ya 1980 kulifanywa majaribio ya pampu za mkono huko, na kutokana na kazi hiyo ikapatikana pampu ya Afridev, ambayo wanakijiji wanaweza kuifungua na kuitengeneza wenyewe kwa vifaa vichache. Kamati zikaundwa, kina mama wakashika spana. Lakini hata pampu nzuri hulala ikikosa kipuri au pesa. Miaka ya 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka kifaa kidogo cha simu kwenye mikono ya pampu kule Kyuso, Kitui, kikatuma habari kila pampu ilipotumika. Pampu ikinyamaza, fundi anajua. Kabla ya hapo, pampu iliyoharibika ilikaa kama siku 27 kwa wastani. Baada ya fundi kuanza kupata habari na kulipwa kwa kazi hiyo, ikawa chini ya siku tatu. Huduma kama hiyo ya matengenezo, FundiFix, ilifika Kwale pia.

Kikundi hakihitaji kifaa hicho. Kinahitaji kalenda ukutani na kalamu nyekundu: siku ambayo maji hayakutoka, weka alama. Mwisho wa mwezi hesabuni alama. Nambari hiyo moja ina maana zaidi kuliko picha ya uzinduzi.

Swali bila mtu

Kabla ya kuandika swali lolote kwenye daftari, ulizaneni: jibu likiwa baya, nani atafanya nini, na lini? Kama hakuna jina la mtu, futeni swali. Tulikuwa na swali la umri wa mwenye nyumba kwa miezi mitano. Hakuna aliyejua lilikuwa la nini.

Halafu kuna woga. Katibu huogopa kuandika "mbaya" kwa sababu mfadhili ataondoka. Naujua woga huo. Tulipopeleka matokeo ya kwanza ya kweli, ofisi ilituuliza kwa nini nambari zimeanguka ghafula, na mwenzangu mmoja alishauri turudie zile za zamani. Tulikataa, tukakosa usingizi wiki mbili. Mwishowe pesa zilizokuwa za chupa zikahamishiwa tangi moja la maji ya mfereji karibu na madrasa, na mtu wa kutia klorini na kuipima kila asubuhi. Visima vilivyofeli hatukuvifunga. Tuliandika kwa rangi ukutani kwamba maji ni ya kufua na kuosha tu.

Wale kina mama wanne waliendelea na daftari lao la kurasa mia. Kila mstari una namba ya mlango, watu wangapi, mitungi ya jana, maji yametoka wapi, yamelipiwa shilingi ngapi kwa mtungi, rangi ya kidonge, sabuni ipo au haipo, na mwisho jina la atakayeshughulikia. Bibi wa Kibokoni ni mlango namba 30. Mwezi wa kwanza kidonge hakikuonyesha rangi kwake. Wa pili vile vile. Mwezi wa tatu mama mmoja akamfundisha kutia dawa usiku na kuacha mtungi wazi kidogo juu ya meza, kitambaa kikiwa mdomoni, ili harufu ipungue hadi asubuhi. Mwezi wa nne rangi ikaonekana.