Taa ya usiku ilitaka kuharibu memuari yangu

Leo naeleza kitu ambacho nilikijua vizuri katika auditwari, lakini labo njo ilinifundisha kweli.

Kwa memuari yangu ya lisansi katika kilimo, nilikuwa nalisha panya weupe wa kike majani fulani ya mifugo, nione kama yanagusa uzazi. Kila asubuhi nilichukua majimaji kidogo ya ukeni na kuangalia seli kwa mikroskopi. Panya mwenye afya, mzunguko wake ni siku 4 au 5, na seli zinabadilika kila siku. Wangu walianza vizuri. Kisha wakakwama: wiki nzima seli zile zile, za siku ya joto. Nikajiambia: majani haya ni mabaya. Nilikuwa tayari kuandika hivyo!

Direkteri wangu akauliza: "Na kundi lenye halikule majani?" Nalo lilikuwa limekwama vile vile. Basi kosa si majani. Akauliza tena: "Ile lampe, nani anazimaka usiku?"

Nikaenda kwa sentineli. Mzee akajibu: "Mutoto yangu, nikizima, wezi bataingia." Tangu tuwekewe betri za sola, lampe haikuwa inazimika tena. Zamani, kukatika kwa umeme njo kulikuwa kunawapa panya wetu giza!

Inakuwaje? Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna saa. Mwanga unaoingia machoni unairekebisha kila siku. Saa hiyo inaamua mchana gani ubongo utaachilia homoni ya kupasua yai. Yai linatoka usiku unaofuata. Mwaka 1950, Everett na Sawyer wa Marekani waliwapa panya dawa ya usingizi mchana huo, saa chache tu. Yai halikuchelewa saa chache: lilichelewa saa 24 kamili. Mlango ulikuwa umefungwa mpaka kesho yake.

Mwanga usipokatika kwa wiki nyingi, saa inapoteza mpangilio. Panya anabaki kwenye joto, lakini yai halitoki lenyewe.

Na si wanyama wote wanafanana. Hamsta wa Siria anahesabu urefu wa mchana: akipata chini ya saa 12 na nusu za mwanga kwa siku, korodani zake zinasinyaa. Panya wa labo hajali sana urefu huo. Yeye anahitaji giza lirudi kila siku.

Tuliweka pazia nzito na saa ya kuzimisha taa: saa 12 mwanga, saa 12 giza. Lampe ya mzee ikahamia nje, mlangoni. Mizunguko ikarudi, nikaanza upya. Nilipoteza miezi miwili, lakini sikudanganya wafugaji juu ya majani yao.

Kwa hiyo wewe unayeandika metodolojia, usiandike chakula na maji tu. Andika pia taa inawaka saa ngapi, inazimika saa ngapi. Na usiku mmoja, nenda ujionee mwenyewe.