Hizi, hizo, zile: mjukuu wangu amepoteza neno la kati

Dada yangu yuko Unguja, mimi niko Muscat. Mwezi uliopita alipiga simu nimo msikitini, akapokea mjukuu wangu wa miaka 9. Dada akamwambia: "Mwambie babu yako dawa hizo sizitaki tena, daktari kazibadilisha. Nazitaka zile." Niliporudi, mtoto akanionesha boksi la dawa ya presha mezani: "Babu, bibi anataka hii dawa."

Nikazituma na msafiri. Kumbe alizozitaka ziko kwa mwanawe, Dubai. Dada akakaa siku nne bila dawa.

Sikumgombeza mtoto. Kiingereza cha skuli na Kiarabu cha mtaani vimemzoesha mambo mawili tu: cha karibu na cha mbali. Kiswahili kina matatu. Hizi ziko kwangu ninayesema. Hizo ziko kwako unayesikia, au tumeshazitaja. Zile ziko mbali nasi sote wawili. Dada hakukosea hata neno moja: boksi lilikuwa kwangu, zile zilikuwa Dubai.

Na kanuni yake si ngumu. Shika kiambishi cha ngeli: ki hutoa hiki, hicho, kile, li hutoa hili, hilo, lile, wa hutoa hawa, hao, wale. Irabu ya mwanzo humfuata mwenziwe: hi-ki, ha-wa, hu-yu.

Watoto wetu wengi huku wamebaki na "hii" moja kwa kila kitu: hii kitabu, hii watu, hata hii babu! Kitabu hakitanuna. Lakini mtu haitwi hii, wazee wangu. Mtu ni huyu.

Dawa yake ni simu hiyo hiyo. Nilimwambia mjukuu: huku ni kwetu Muscat, huko ni Unguja kwa bibi, kule ni London kwa ami yako. Akishika simu bibi, huku inageuka kuwa Unguja, na huko ndiko kwetu. Alicheka sana, kisha akanyamaza akifikiri.

Dawa za Dubai zilipofika Unguja, aliomba apige yeye. Nikamsikia: "Bibi, hizo dawa umeshaanza kuzimeza?"

Hizo. Hakusema hii, wala zile. Zimeshafika kwa bibi yake.