Chipu Zinazopigiana Kura

Machakos iko nyuzi moja na nusu hivi kusini mwa ikweta, na ukanda huu ni miongoni mwa sehemu ambazo sumaku ya dunia huzikinga zaidi dhidi ya chembe kali za angani. Kinga hiyo ni mojawapo ya sababu zilizofanya Uhuru, setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kuchunguza eksirei za angani, irushwe kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970.

Chembe hizo zikipenya chipu huweza kugeuza biti, yaani 0 ikawa 1 au 1 ikawa 0. Kosa mashuhuri zaidi la aina hiyo lilitokea ardhini: Schaerbeek, Ubelgiji, 2003. Mgombea mmoja alipata kura 4,096 za ziada. Idadi hiyo ni 2 kwa kipeo cha 12, dalili ya biti moja kugeuka. Programu ya kura ilikaguliwa ikaonekana safi, na lawama ikaelekezwa kwa chembe ya angani.

Dawa kongwe imetoka Prague. Kompyuta ya SAPO ya Antonín Svoboda, 1957, ilikuwa na vikokotoo vitatu vilivyofanya hesabu ileile. Viwili vikikubaliana, jibu lao hupita. Svoboda aliogopa relei mbovu, si mionzi, lakini mbinu ni ileile hadi leo.

Chipu ngumu zaidi kulinda ni FPGA, zile zinazopangika upya, ambazo Xilinx ilianza kuuza mwaka 1985. Katika nyingi kati ya hizo, kumbukumbu ndiyo inayoamua waya upi uungane na upi. Biti ikipinduka humo, si data tu inayoharibika: kichakataji chenyewe hugeuka kitu kingine. Hivyo nakala tatu hazitoshi. Lazima kumbukumbu isomwe na kusahihishwa mfululizo, kabla kosa la pili halijalikuta la kwanza.

Setilaiti ya FedSat ya Australia ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuzijaribu angani, 2002. Zimefika hata Mirihi: roboti ya Perseverance ilipotua tarehe 18 Februari 2021, FPGA ilisaidia kulinganisha picha za ardhi na ramani.

Rekodi ninayoitamani mimi bado haina mwenyewe. Usanifu wa vichakataji uitwao RISC-V ni huria. Mwanafunzi wa Machakos anaweza kupakia kichakataji kwenye ubao wa FPGA, akakirudufu mara tatu, kisha akageuza biti makusudi, mojamoja, akihesabu ni ngapi zinazokiangusha. Kiwanda cha chipu hakihitajiki. Setilaiti ya Taifa-1 ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023. Setilaiti ya Kenya itakayoifuata ningependa ibebe kichakataji kilichopitia jaribio hilo hapa Ukambani.