Je, Wajua? Chuo, Mbio na Redio

Je, wajua kwamba Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita mkoani Mara, alitwaa ubingwa wa mita 10,000 wa vyuo vikuu vya Marekani miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982? Alikimbia kwa niaba ya Chuo Kikuu cha Texas, El Paso. Mita 10,000 ni mizunguko 25 ya uwanja, na kila msimu wa nje wa vyuo hivyo hufikia kilele mwezi Juni.

Katikati ya misimu hiyo, mwaka 1980, alipata medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow. Mtanzania mwenzake Filbert Bayi naye alipata fedha ya mbio za kuruka viunzi na maji. Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki tangu hapo, na hilo linauma.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, hivyo mtu wa Tunduma au Vwawa, miji iliyo Songwe, alitegemea redio kufuatilia mbio kama hizo. Leo Songwe, mkoa tangu 2016, ina timu yake kwenye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Mwenye simu janja pembeni ya mistari ya chokaa aweza kurusha mbio za mashindano hayo mubashara. Walimu wa michezo, wapeni wanafunzi kazi hiyo ya utangazaji.