Ripoti ikisema "hakuna kosa", uliza kwanza imesoma nini

Msikilizaji wetu, programu zilizo kwenye simu yako huandikwa na watu, na watu hukosea. Ndiyo maana kuna zana za kuzikagua kabla hazijakufikia. Leo tunaeleza namna zana hizo zinavyoweza kutoa ripoti safi bila kukagua chochote.

Tuanze na maneno yenyewe. Maandishi anayoandika mtaalamu wa programu huitwa msimbo. Simu haiyaelewi hivyo yalivyo. Lazima yapitie kwa mtafsiri, ambaye ni programu nyingine iitwayo kompaila. Kwa lugha ya C, kompaila zinazotumika sana ni GCC na Clang.

Zana ya ukaguzi huusoma msimbo na kutafuta makosa bila kuiendesha programu. Mojawapo ni Coverity, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Wakati programu inatengenezwa, Coverity hukaa kando ikisubiri kompaila iitwe. Ikiona jina inalolijua, huchukua faili inayotafsiriwa na kuisoma.

Tatizo linaanzia kwenye jina. Fikiria mkaguzi wa mazao aliyekaa kizuizini na orodha ya namba za malori. Kazi yake ni kukagua malori yaliyo kwenye orodha tu. Siku hiyo mahindi yanapita kwenye lori lenye namba nyingine. Jioni daftari lake linasema hakuna gunia bovu, na hajadanganya: hakufungua gunia hata moja.

Majina hubadilika kwa sababu ya kawaida kabisa. Kompyuta nyingi za ofisini zina prosesa za Intel au AMD, lakini simu nyingi zina prosesa za aina ya ARM. Kwa hiyo mtaalamu hutumia kompaila inayotengenezea mashine nyingine, yenye jina refu kama aarch64-linux-gnu-gcc. Ndani yake ni GCC ileile, ila zana haijaambiwa.

Kwa vijana wanaojifunza kazi hii, fuateni hatua hizi:

1. Soma ujumbe wa mwisho wa cov-build. Ukisema hakuna faili iliyotolewa, usiendelee. Bado hakuna kilichokaguliwa.

2. Tafuta jina halisi la kompaila. Andika make -n uone amri zitakazotumika, kisha angalia neno la kwanza la kila amri ya kutafsiri.

3. Itambulishe kompaila hiyo kwa zana: cov-configure --compiler aarch64-linux-gnu-gcc --comptype gcc --template.

4. Angalia kama kuna anayetangulia mbele. Wengi hutumia ccache ili kuharakisha kazi, na zana ikaona jina la ccache badala ya kompaila. Nayo itambulishe, aina yake ikiwa prefix.

5. Anza upya kwa make clean. Faili zilizokwisha kutafsiriwa jana hazitafsiriwi tena leo, na zisipotafsiriwa zana haizioni, hata kama majina yote sasa ni sahihi.

6. Pima kwa kosa unalolijua. Weka kosa la makusudi kwenye faili moja, kama kugawanya namba kwa sifuri, kisha kagua. Zana isipolitaja, rudi hatua ya kwanza. Ikilitaja, liondoe.

Na wewe usiyeandika programu, jambo hili linakuhusu pia. Chama chenu cha ushirika kikinunua programu ya kuhesabu kilo na malipo ya wakulima, huenda mtaletewa ripoti ya ukaguzi isiyo na kosa hata moja. Msishangilie bado. Ulizeni: programu ina faili ngapi, na zilizosomwa ni ngapi? Muuzaji aliyefanya ukaguzi wa kweli ana namba zote mbili mkononi. Asipokuwa nazo, ombeni ukaguzi urudiwe kabla hamjalipa.