Kuijua Akili (Sehemu ya 4): Kipimo cha Kiarabu kwa Vijana

Sehemu tatu zilizopita zilishaeleza saikosisi ni nini na kwa nini madaktari hutaka kuiwahi kabla haijakomaa, hivyo sirudii; kwa ufupi tu, ni maradhi ya akili yanayomfanya mtu apotewe na uhalisia. Kilichoniamsha safari hii ni Siku ya Afya ya Akili Duniani, Oktoba 10. Redioni kila aliyeshika kipaza sauti alihimiza vijana wapimwe mapema. Wapimwe kwa kitu gani? Hilo halikuulizwa.

Niruhusuni nipitie Kairouan kwanza. Katika mji huo wa Tunisia, mwanzoni mwa karne ya 10, tabibu Ishaq bin Imran aliandika kwa Kiarabu risala nzima juu ya melankolia, maradhi ya huzuni na hofu zisizo na sababu. Karne ya 11 Constantinus Africanus, naye mtu wa Afrika Kaskazini, akaigeuza Kilatini, na matabibu wa Ulaya wakaisoma. Nalitaja hili kila nipatapo nafasi, maana bado wapo wanaodhani elimu ya maradhi ya akili ililetwa Afrika kwa meli. Meli zilileta mengine.

Zilileta, kwa mfano, wasomi wa Algiers waliomfuata daktari wa akili Mfaransa, Antoine Porot, na kufundisha kwamba akili ya Mwislamu wa Algeria ina kasoro ya maumbile. Frantz Fanon, daktari wa akili, aliwakuta huko alipoanza kazi katika hospitali ya Blida mwaka 1953. Mwaka 1956 yeye na mwenzake Charles Geronimi walieleza jinsi walivyowajaribu wanawake Waislamu kwa kipimo cha picha kilichobuniwa Marekani miaka ya 1930: mgonjwa huonyeshwa picha, naye huitungia hadithi. Picha ya kwanza ya kipimo hicho ni ya mtoto wa kiume anayeikodolea macho fidla mezani. Wanawake wale walitaja walichokiona pichani, hadithi haikuja. Wafuasi wa Porot wangesema, si tuliwaambia? Fanon na Geronimi wakasema kasoro ni ya picha: dunia iliyochorwa mle si ya wanawake hao. Ningependa kila daktari kijana aisome makala yao kabla hajavaa koti jeupe.

Kwa funzo hilo, kwamba kipimo cha ugenini huweza kukosea, tuje kwenye kipimo cha vijana, japo nafasi imebaki ndogo. CAARMS ni usaili wa kuwatambua vijana walio hatarini kupata saikosisi, uliobuniwa Melbourne, Australia, na kina Alison Yung na Patrick McGorry wa kliniki ya PACE, iliyofunguliwa mwaka 1994. Kijana huulizwa kuhusu mawazo ya ajabu, sauti, kuwashuku watu. Kisha huulizwa huja mara ngapi na humsumbua kiasi gani. Watafiti wa Tunisia waliufasiri kwa Kiarabu na kuujaribu kwa vijana wa kwao, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Katika kazi za namna hii kufasiri ndiko kwepesi. Kazi ni kujua kama wasaili wawili wakimsikiliza kijana yuleyule watampa alama zinazokaribiana, na kama kipimo kinamtenga aliye hatarini na yule anayeamini majini kama bibi yake na mtaa mzima. Ukimwandika mgonjwa kwa imani ya mtaa, umemdhulumu. Anayesikia sauti zikimtukana usiku kucha, ukamwachia kisomo peke yake, umemdhulumu pia.

Tena kuwa hatarini si kuugua. Katika vijana wa mwanzo wa PACE, karibu 4 kati ya 10 waliingia saikosisi ndani ya mwaka. Tafiti za baadaye zinataja karibu robo tu ndani ya miaka 3. Wengi hawafiki huko, na jina la wazimu likishabandikwa halibanduki.

Kwa ndugu zangu wa Muscat wanaouliza kama fasiri ya Tunisia yaweza kuchukuliwa ilivyo ikatumika Oman: haiwezi. Kijana wa Muscat haongei kama wa Tunis, na wako ambao nyumbani huongea Kiswahili. Ijaribiwe kwanza kwa vijana wa huko, na kliniki isiyo na muda wa kufanya hivyo isiitumie.